UZI: Mtoto ana homa ya ini B, mimi mamake sina. Aliipata wapi?

MamaImani · Jumapili, saa tatu usiku

Habarini za jioni. Uzi utakuwa mrefu, mniwie radhi, nimeubeba kichwani tangu Ijumaa.

Dadangu mdogo tumeishi naye hapa Umoja, Nairobi, tangu 2017. Alikuwa aende Saudia kazi za nyumba. Pasipoti ipo, mafunzo alimaliza, kukabaki vipimo. Mnavijua vile vya Ghuba: kifua, ukimwi, kaswende, mimba, homa ya ini. Akarudi jioni karatasi ameikunja mara nne, ameishika kiganjani kama nauli. HBsAg, kile kipimo cha homa ya ini B: chanya. Ajenti alishamwambia safari imeishia hapo.

Nesi alimshauri kila anayelala nyumba moja naye apimwe. Nikajipeleka na watoto wangu wawili. Kitinda mimba, miaka mitatu, hasi. Mimi hasi. Imani wangu wa miaka minane, chanya. Huyu mtoto hana macho ya manjano, hana homa, jana amekula chapati tatu na akaomba ya nne.

Mama mkwe ameshatoa hukumu kwa simu kutoka ushago: dadangu ndiye ameleta ugonjwa kwa nyumba ya mwanawe. Dadangu amehamia kwa rafiki yake Kayole na simu hashiki. Baba watoto hataki kupimwa, anasema yeye yuko sawa.

Kama mimi sina, mtoto ameipata wapi? Na nimfanyie nini?

Wambo_Kariobangi

Pole sana dada. Hii si ndiyo homa ya manjano? Kuna chanjo yake, ile ya watu wanaosafiri.

Hadubini

Hapana Wambo, hiyo ni nyingine, huletwa na mbu. Homa ya ini B haina uhusiano na mbu kabisa.

Mama Imani, pole. Mimi ni mtu wa maabara, damu ndiyo kazi yangu, lakini si daktari wa mtoto wako. Kabla ya yote, una kile kitabu cha kliniki cha Imani? Fungua ukurasa wa chanjo. Angalia pentavalenti ya kwanza, ya pili na ya tatu. Kumeandikwa nini?

MamaImani · Jumatatu

Nimekipata chini ya sanduku, pembe moja imelowa. Imani alizaliwa Mei Mosi, 2017. Ya kifua kikuu iko, polio ya kuzaliwa iko. Kwa wiki ya 6 kuna tarehe ya kurudi kwa penseli, 12/6. Baada ya hapo visanduku ni vyeupe mpaka surua ya miezi tisa, hiyo ina muhuri.

Nimeketi nacho kitandani nikakumbuka. Ule mgomo wa manesi, ulianza Juni ukaisha Novemba. Nilienda mara mbili na mtoto mgongoni, geti limefungwa mnyororo, askari akaniambia jaribu hospitali ya kulipia. Pesa ya kulipia sikuwa nayo. Mgomo ulipoisha mtoto alikuwa anakaa mwenyewe, mnene, nikaona mambo ni sawa. Siku ya surua hakuna aliyeniuliza na mimi sikuuliza.

Mdogo wake alipata zote tatu. Nimeangalia mara mbili.

Hadubini

Basi hapo ndipo mlango ulipoachwa wazi. Usijipige, miezi ile wengi walirudishwa getini.

Nieleze kidogo kwa faida ya wengine. Kenya ilianza kuwapa watoto chanjo ya homa ya ini B mwaka 2001, ikiwa ndani ya ile sindano moja ya paja yenye kinga tano: dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini B, na bakteria wa Hib wanaoleta nimonia na homa ya uti wa mgongo. Wiki ya 6, ya 10, ya 14. Kwa hiyo mtu mzima yeyote humu aliyezaliwa kabla ya hapo hakuchanjwa akiwa mtoto. Dadako ana miaka mingapi?

MamaImani

26.

Hadubini

Alizaliwa kabla ya chanjo kufika. Kuna uwezekano mkubwa kwamba naye aliipata akiwa mtoto wa kucheza na wenzake, wala si juzi. Ukubwani, mtu akiambukizwa, mwili huifukuza: chini ya 5 kwa kila 100 ndio hubaki nayo. Mtoto wa kati ya mwaka 1 na 5, karibu 30 kwa 100 hubaki nayo. Mtoto mchanga aliyeipata wakati wa kuzaliwa, 90 kwa 100. Ndiyo maana ukikutana na mtu mzima aliye nayo kwa muda mrefu, mara nyingi unatazama jambo lililotokea kabla hajaanza shule.

BabaBrayo

Samahani kwa kusema, lakini huu ni ugonjwa wa zinaa. Mtoto wa miaka minane! Mama chunguza hiyo nyumba vizuri.

Hadubini

BabaBrayo, kumlinda mtoto ni jambo la kuuliza kila wakati na sitakukemea. Lakini ukianzia hapo kwa homa ya ini B utaumiza watu bure. Watu wazima huipata kwa ngono, ndiyo. Watoto wa huku kwetu wengi huipata kwa damu ndogo ndogo za kila siku: kidonda cha goti kikigusana na kidonda cha mwenzake, wembe mmoja, mswaki mmoja, kuumana. Kirusi hiki kinaweza kukaa nje ya mwili, kwenye tone la damu lililokauka, siku 7 na bado kiambukize. Cha ukimwi hakiwezi kuvumilia hivyo.

Shosho_wa_Mtandao

Wanangu, na kutafunia mtoto? Mimi wajukuu wote nimewatafunia githeri wakiwa hawana meno. Hata mama yangu alitutafunia.

Hadubini

Shosho, shikamoo. Mate yenyewe yana virusi vichache kuliko damu, lakini fizi hutoka damu bila mtu kujua, na mtoto anayeota meno mdomo wake una vidonda. Watafiti wameitaja kama njia mojawapo. Ukishapimwa ukawa huna, hakuna neno. Ila kuponda kwa kijiko ni salama zaidi.

Shosho_wa_Mtandao

Nitapimwa. Meno yenyewe yamebaki manne, sijui nilikuwa natafuna nini.

Kipara_Kinyozi

Naomba niseme kwa upande wetu. Spiriti kwa mashine ni ya kunukia tu kwa vinyozi wengi, mtu anapitisha mara moja na kumkalisha mteja mwingine. Mimi nalowesha meno ya mashine na jiki iliyochanganywa na maji, nasuuza, ndipo nakuja na spiriti. Mzazi ukileta mtoto na mashine yako sitakasirika. Wanaokasirika, hama.

MitiShamba_Tiba

Mama Imani usihangaike na mahospitali. Kuna mizizi ya kuchemsha siku 21, virusi vinatoka vyote kwa mkojo. Nitumie ujumbe pembeni.

Hadubini

Tafadhali usimpe. Dawa ya kuimaliza kabisa homa ya ini B haijapatikana mpaka leo, iwe ya hospitali au ya mizizi. Na kila unachokunywa kinapitia ini kuchujwa. Mizizi mingine ndiyo inayoliunguza. Nimeona majibu ya watu waliokuja na ALT nzuri (kipimo cha damu cha kuona kama ini linaumia) na kurudi mwezi uliofuata imepanda mara kumi.

Nikiwa hapo hapo kwa ini: Mama Imani, mahindi mnatoa wapi?

MamaImani

Gunia la mama mkwe, kila baada ya mavuno. Kwa nini?

Hadubini

Chambueni vizuri. Punje zenye ukungu, zilizobadilika rangi, tupa, usimpe hata kuku. Wa Makueni na Kitui wanakumbuka 2004, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa sumu ya ukungu wa mahindi. Hiyo ilikuwa sumu nyingi kwa mpigo. Kidogo kidogo kwa miaka, kwa mtu mwenye kirusi hiki, inaongeza sana hatari ya saratani ya ini. Vyote viwili vikikutana ni vibaya kuliko kimoja kimoja.

Kwa mtoto sasa. Kipimo kimoja hakitoshi. Arudie HBsAg baada ya miezi 6. Ikiwa bado chanya ndipo inaitwa ya kudumu. Apimwe ALT, wingi wa virusi, na picha ya ini. Watoto wengi hawahitaji dawa kwa sasa, ini lao halijaanza kuvimba, wanafuatiliwa tu mara kwa mara. Daktari wa watoto ndiye wa kuamua. Mdogo wake apimwe kama chanjo ilishika: kingamwili ikifika 10 au zaidi yuko salama. Na wewe omba vipimo viwili zaidi: anti-HBc, cha kuona kama uliwahi kukutana na kirusi, na anti-HBs, cha kuona kama una kinga.

MwalimuGredi3

Mimi ni mwalimu na nina swali la ukweli. Mzazi akiniambia mtoto wake ana hii kitu, nimkalishe wapi?

Hadubini

Pale pale alipokuwa amekaa. Kikombe, sahani, kukumbatiana, kukohoa, choo, haviambukizi. Funika kidonda kwa plasta. Damu ikimwagika, vaa glavu na upanguse kwa jiki, awe mtoto yeyote yule, kwa sababu darasani mwako wapo wenye nayo na hakuna anayejua, hata wazazi wao.

MwalimuGredi3

Sawa. Glavu hatuna lakini mifuko ya mkate tunayo.

Mjamzito_Pipeline · Jumanne, saa saba usiku

Nimesoma uzi wote na mikono inatetemeka. Nina mimba ya wiki 29. Wiki jana nimeambiwa nina hii B. Kliniki ya kwanza nilipimwa ukimwi, kaswende, damu na mkojo, hii hapana, nimeijua kwa sababu nilibadilisha hospitali. Ile asilimia 90 umeandika ndiyo mtoto wangu?

Hadubini

Hapana dada, tulia. 90 ni hatari ya kubaki nayo *akishaambukizwa*. Kuambukizwa kwenyewe kunategemea wingi wa virusi vyako, na kuna la kufanya, na wiki 29 hujachelewa.

Kesho ulizia kipimo cha HBeAg, alama ya kwamba virusi vinazaana kwa wingi, au wingi wa virusi kama mfuko unaruhusu. HBeAg ikiwa chanya, au virusi vikiwa 200,000 kwenda juu, unapewa tenofoviri, kidonge kimoja kwa siku mpaka ujifungue, na pengine uendelee. Hata pasipo kipimo hicho, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2024 unaruhusu mama mwenye HBsAg chanya apewe. Usishtuke ukiona ni dawa wanayotumia wenye ukimwi, inafanya kazi mbili.

La pili, na hili usilibahatishe: mtoto adungwe chanjo ya homa ya ini B peke yake, ile ya watoto wachanga, ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa. Pentavalenti ya wiki ya 6 inakuja ikiwa imechelewa kwa mtoto wako. Uliza *sasa* kama hospitali utakayojifungulia inayo. Kama haina, tafuta itakapopatikana kabla uchungu haujaanza. Ipo pia sindano ya imunoglobulini, yaani kingamwili zilizo tayari, ya kumpa pamoja nayo, lakini bei yake wengi hatuiwezi. Chanjo ya mapema pamoja na kidonge chako ndio ukuta mkubwa.

Kunyonyesha, nyonyesha. Upasuaji hauhitajiki kwa sababu ya hii.

Mjamzito_Pipeline

Asante. Bei ya hiyo imunoglobulini nimeuliza leo, ni zaidi ya kodi ya nyumba yangu. Kidonge nimepewa.

MamaImani · wiki mbili baadaye

Nimerudi. Mdogo kingamwili yake iko juu, chanjo ilishika. Mimi anti-HBc chanya na anti-HBs chanya. Nesi alisema "uko sawa" akaita mwingine. Niko sawa vipi na kuna chanya mbili?

Hadubini

Una alama za mtu aliyekutana na kirusi siku moja, mwili ukapigana ukashinda, na sasa una kinga. Mtu aliyepata chanjo tu huwa na ya pili bila ya kwanza. Ulipokutana nacho hatuwezi kujua, labda utotoni, labda ukubwani.

BabaBrayo

Ukubwani kwa nani sasa? Huyo mzee wa nyumba apimwe bwana.

MamaImani · miezi miwili baadaye

Wale mliouliza kwa ujumbe wa pembeni, hatujapotea. Daktari aliyetupokea alituomba mimi na dadangu tukubali damu ya Imani na ya dadangu iingie kwenye utafiti wa aina za kirusi. Dadangu alikubali, alikuja kliniki akiwa amevaa miwani ya jua. Majibu yametoka: wote wawili ni jenotaipu A. Mama mkwe alipoambiwa amesema, "Si nilisema?" Sasa nauliza: ni kweli ndiyo ushahidi?

Hadubini

La. Na hapa nitaandika sana kwa sababu hili neno jenotaipu litavunja nyumba za watu likiachwa hivyo.

Kirusi hiki kimeandikwa kwa herufi za vinasaba kama 3,200 hivi. Vikitofautiana kwa karibu asilimia 8 au zaidi vinahesabiwa kuwa jenotaipu, yaani aina, tofauti. Ziko 10, A mpaka J. B na C ni za Asia. E ni ya Afrika Magharibi. D utaikuta Mediterania, Mashariki ya Kati, na kuja mpaka upande wa Sudan. F na H ni za bara la Amerika. J ilipatikana kwa mzee mmoja Mjapani aliyewahi kuishi Borneo wakati wa vita. Huku kwetu Afrika Mashariki, ya nyumbani ni A, tawi lake la A1. D unaipata, lakini A ndiyo imejaa.

Sasa fikiria umeibiwa simu kwenye matatu, na unachojua tu ni kwamba mwizi alikuwa Mkenya. Mshukiwa wako ni Mkenya. Je, umemshika? Wakenya ni wote waliokuwa kwenye gari. Kama dadako angekuwa D na mtoto A, hapo tungesema si yeye, kesi imefungwa. Jenotaipu inaweza kumtoa mtu lawamani. Kumtia hatiani haiwezi. Ingehitajika kulinganisha herufi moja moja, na hata hapo ungejua virusi ni ndugu bila kujua nani alimpa nani.

Kitu kingine kuhusu A1 kinachomhusu Imani. C ya Asia hukaa na ile HBeAg miaka mingi, mpaka mwanamke anafika umri wa kuzaa akiwa bado na virusi vingi, ndiyo maana kule watoto wengi huipata siku ya kuzaliwa. A1 huiacha HBeAg mapema. Mama zetu wengi wenye nayo wanafika kujifungua virusi vimepungua, na maambukizi mengi yanatokea baadaye, mtoto akianza kutambaa na kucheza. Kwa hiyo swali lako la mwanzo, "mimi sina, ameipata wapi," huku kwetu si ajabu hata kidogo. Ubaya wa A1 ni kwamba imehusishwa na saratani ya ini kwa watu wa umri mdogo, hivyo kliniki za ufuatiliaji msizikose. Chanjo inakinga jenotaipu zote, na tenofoviri inafanya kazi kwa zote.

Wambo_Kariobangi

Huo mfano wa matatu umenifungua kuliko daktari.

MamaImani · siku tisa baadaye

Baba watoto amepimwa.

Si mimi niliyemshawishi. Juzi Imani alikuwa anahesabu plasta za kutolewa damu, yangu, ya mdogo wake, ya mama mdogo, halafu akamuuliza babake, "Yako iko wapi?" Hakujibu. Asubuhi aliondoka mapema, akarudi saa sita na kuweka karatasi juu ya televisheni bila kusema kitu.

Chanya.

Amekuwa akimnyoa Imani kila Jumapili tangu akiwa na mwaka mmoja, pale bafuni, kiwembe kile kile cha ndevu zake. Nilikuwa hata nashikilia beseni.

Hadubini

Pole. Na ninalazimika kurudia: hata hiyo haithibitishi kuwa ni yeye. Anaweza kuwa yeye, anaweza kuwa mama mdogo, anaweza kuwa mtoto wa jirani aliyemuuma mkono 2019. Muhimu yeye naye aingie kliniki, ALT, wingi wa virusi, picha. Wembe wa kila mtu wake.

BabaBrayo

Nilisema lakini sifurahii. Pole kaka popote ulipo. Mimi pia nimeenda leo, sina, nimeanza chanjo ya watu wazima: leo, baada ya mwezi mmoja, na ya tatu mwezi wa sita.

MamaImani

Mama mkwe hajaomba msamaha na sitarajii. Lakini amemtumia dadangu nauli ya kurudi Umoja kutoka Kayole, shilingi mia tano, safari ya matatu moja. Dadangu amezikubali. Yuko jikoni anachambua mahindi.

Mjamzito_Pipeline · Alhamisi

Kwa waliokuwa wakiniombea: msichana, kilo 3.1, saa tisa usiku wa kuamkia Jumanne. Hospitali haikuwa na ile chanjo. Mzee alikuwa ameshajua duka la dawa lenye friji, akaenda kugonga saa kumi na moja alfajiri. Akaileta ndani ya chupa ya chai, ameweka barafu chini, juu yake gazeti, juu ya gazeti kitambaa, ndipo kichupa. Nilimwambia mara mia barafu isiguse dawa kwa sababu Hadubini alinieleza pembeni kwamba chanjo hii ikiganda imekufa. Nesi aliifungua akacheka, akaitikisa, akaiangalia kwenye mwanga. Saa moja asubuhi ikaingia pajani. Alilia kidogo tu.

Hadubini

Saa nne tangu azaliwe. Safi kabisa. Penta zake tatu usikose hata moja, na akifika miezi tisa au zaidi mlete apimwe HBsAg na kingamwili. Usimpime mapema zaidi, utachanganyikiwa na majibu.

Mjamzito_Pipeline

Tarehe ya wiki ya 6 nesi aliandika kwa penseli. Nimeirudia kwa kalamu.